Kwa mnaoanza kushika faili za figo

Faili langu la kwanza la figo nililiharibu kwa huruma. Mzee mmoja wa Mombasa, aliyeingia Jeshi la Marekani miaka ya tisini, alinijia na bahasha ya VA, idara ya Marekani inayohudumia askari wa zamani: dai lake la ulemavu limekataliwa. Nikakaa naye saa mbili, nikaandika kurasa nne za mateso yake: miguu inayovimba, kuamka usiku mara tano, kazi ya lori aliyoiacha. Nikazituma. Jibu likarudi lile lile, karibu neno kwa neno. Kumbe hakuna aliyebisha kwamba mzee anaumwa. Barua ya kwanza, ukurasa wa tatu, ilisema hakuna daktari aliyeunganisha figo zake na shinikizo la damu, shinikizo ambalo VA yenyewe ilishalikubali kuwa ni la jeshini. Nilikuwa nimejibu swali nisiloulizwa.

Kwa hiyo, kabla hujamuuliza mtu habari za maumivu, soma barua ya kukataliwa ukiwa na kalamu mkononi. Dai lolote linataka vitu vitatu: ugonjwa uliopo leo, jambo lililotokea jeshini, na kiungo kati ya hayo mawili. Kwenye figo kinachokosekana huwa ni kiungo. Figo huchakaa kimya kimya, na mara nyingi mtu hugundua miaka mingi baada ya kuvua magwanda. Ndiyo maana tunapita mlango wa nyuma, yaani ugonjwa uliozaliwa na ugonjwa mwingine uliokwisha kukubaliwa. Kisukari kikikubaliwa, figo zilizoharibiwa na kisukari nazo zinaweza kukubaliwa. Shinikizo la damu vivyo hivyo. Kwa waliopigana Vietnam njia imefunguliwa zaidi, maana kisukari cha aina ya pili kimo kwenye orodha ya magonjwa ya Agent Orange, ile sumu ya kuua majani iliyomwagwa vitani, na PACT, sheria ya askari waliokutana na sumu, ya Agosti 2022 ikaongeza shinikizo la damu.

Wateja wetu wengi ni vijana mno kwa Vietnam, hasa wale waliochukuliwa na MAVNI, mpango wa jeshi wa kuandikisha wageni wenye ujuzi maalumu, kwa sababu ya Kiswahili chao. Kwao uliza habari za vidonge. Askari aliyeumia goti au mgongo alikuwa akipewa ibuprofeni, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo ikimezwa muda mrefu, za miligramu 800 kama karanga, mpaka wenyewe wakaziita vitamini M. Mtu akizimeza miaka kumi kwa goti ambalo VA inalilipia asilimia kumi, halafu figo zikaanza kulegea, hapo pana swali halali la kumpelekea daktari. Omba rekodi za duka la dawa la jeshi na la VA. Kumbukumbu ya mtu haitoshi.

Sasa barua ya daktari, ambapo wageni wengi huteleza. Daktari akiandika “inawezekana shinikizo limechangia”, hajasema kitu. Kipimo cha sheria ni uwezekano usiopungua nusu kwa nusu, na daktari aandike hivyo waziwazi, kisha aeleze kwa nini: lini shinikizo lilianza, lini protini ilionekana kwenye mkojo, kwa nini visababishi vingine havitoshi. Barua ya mistari mitatu yenye muhuri mkubwa hupigwa chini na ya kurasa mbili yenye sababu.

Tena angalia maneno mawili, kusababisha na kuzidisha. Sheria inakubali yote mawili. Mtaalamu wa VA akiandika kwamba shinikizo halikusababisha ugonjwa wa figo, akanyamaza kuhusu kuzidisha, ripoti yake ina pengo, na pengo hilo peke yake ni hoja ya rufaa. Nimeona mafaili mengi yakirudishwa kwa uchunguzi mpya kwa pengo hilo tu.

Kiungo kikipatikana, vita vinahamia kwenye asilimia ya ulemavu, inayoamua malipo. Tangu mwaka 2021 figo hukadiriwa hasa kwa kasi ya kuchuja damu, ile GFR iliyo kwenye karatasi ya maabara. Kati ya 45 na 59 ni asilimia 30. Kati ya 30 na 44 ni 60. Kati ya 15 na 29 ni 80. Chini ya 15, au kusafishwa damu kwa mashine mara kwa mara, ni 100. Namba hizo zinatakiwa zidumu angalau miezi mitatu mfululizo ndani ya mwaka. Kipimo kimoja kibaya cha siku aliyokuwa anaharisha hakimsaidii mtu. Mwambie arudie vipimo, na akusanye karatasi zote.

Yule mzee wangu hatimaye alikubaliwa, kwa asilimia 30. Nikachukua karatasi yake ya mwanzoni mwa 2022, nikaiweka mezani. Umri 60, kreatinini (taka ya damu ambayo figo huchuja) 1.8, na chini yake majibu mawili ya GFR: 40 kwa asiye Mweusi, 46 kwa Mweusi. Fomula iliyotumika sana tangu 2009 ilikuwa inazidisha jibu kwa 1.159 kama mgonjwa ni Mweusi, kana kwamba figo zetu zina nguvu za ziada. Mkadiriaji alichukua 46. Lakini mwaka 2021 wataalamu wa figo wa Marekani walikuwa wameshapendekeza fomula isiyotazama rangi. Daktari wake wa figo akapiga hesabu upya kwa damu ile ile, ikaja 43. Akafanya hivyo kwa vipimo vyote vya miezi mitano, akaandika barua, na mzee akapanda hadi 60. Tangu siku ile, mteja Mweusi akiniletea karatasi ya zamani, kreatinini ndiyo naisoma kwanza.

Milango ya rufaa, tangu Februari 2019, ni mitatu. Ukiwa na ushahidi mpya, tumia Fomu 20-0995. Kama kosa liko ndani ya faili lenyewe na huna cha kuongeza, Fomu 20-0996 inampelekea afisa mwandamizi, ila hapokei hata karatasi moja mpya. Fomu 10182 inakwenda kwenye Bodi ya Rufaa, na huko foleni ni ndefu. Hesabu mwaka mmoja tangu tarehe iliyo juu ya barua, si siku alipoifungua. Ushahidi mpya unaweza kuletwa hata baada ya mwaka, lakini malipo ya nyuma yanakuwa yamekatika. Bodi ikikataa, mahakama ya rufaa za askari wa zamani inatoa siku 120. Na mtu akikudai hela kwa kuandaa dai la kwanza, huyo ni tapeli. Kisheria kazi hiyo haina ada.

Wanaosafishwa damu wanahitaji jicho la peke yake. Wengi hukaa kwenye mashine mara tatu kwa wiki, na kampuni zinazowapima wenye madai kwa niaba ya VA hupanga miadi bila kujua. Asipofika, faili huamuliwa bila uchunguzi, na mara nyingi vibaya. Piga simu mapema utaje siku zake za mashine. Kama kesi iko Bodi, omba isogezwe mbele kwa sababu ya ugonjwa mzito. Angalia pia kwamba tangu aanze mashine, shinikizo au moyo uliokubaliwa unakadiriwa peke yake, tofauti na figo. Wakadiriaji huwa wanalisahau hilo.

Na mkaribishe mkewe kwenye kikao. Mwenye dai akifariki kabla ya uamuzi, mjane ana mwaka mmoja wa kuomba kuchukua nafasi yake, na VA itataka kuona ndoa. Mke wa mzee wangu cheti chake cha kadhi kilikuwa kwa dada yake Likoni, ndani ya sanduku la kanga. Kilituchukua miezi miwili kukipata, mume akiwa bado hai na tukiwa bado tunacheka.