Larson bingwa, Hamlin je? Majibu ya maswali yenu kuhusu NASCAR

Tangu msimu wa 2025 wa NASCAR, ligi ya mbio za magari ya Marekani, ulipofungwa kule Phoenix, Arizona, maswali yamekuwa mengi. Nimechukua yale yanayojirudia.

Kaka, Denny Hamlin aliongoza sehemu kubwa ya fainali, halafu bingwa akawa Kyle Larson ambaye hakuongoza hata mzunguko mmoja. Imekuwaje? (Msomaji, Mwanza)

Naanza na hili kwa sababu ndilo lililoniuma zaidi. Siku ile, Novemba 2, waliokuwa wakigombea taji ni wanne: Hamlin, Larson, William Byron na Chase Briscoe. Kati yao, atakayemaliza mbele ya wenzake ndiye bingwa. Hamlin aliongoza mizunguko 208. Ilipobaki mitatu tu kati ya 312, tairi la Byron likapasuka, gari likagonga ukuta, bendera ya njano ikatoka (yaani punguzeni mwendo, hakuna kupitana) na magari yakaingia kwa mafundi.

Hapo ndipo taji lilipohama. Mafundi wa Hamlin walibadilisha matairi yote manne, wa Larson wakabadilisha mawili. Kwenye kiwanja cha mviringo kona zote ni za kushoto, kwa hiyo matairi ya kulia ndiyo yanayoumia, na mara nyingi fundi mwenye haraka hubadilisha hayo tu. Haina haja ya kukimbia na jeki kuzunguka upande wa pili, na sekunde chache zinazookolewa ni nafasi kadhaa kwenye foleni. Mbio zilipoanza tena, Larson alikuwa wa tano na Hamlin wa kumi. Mizunguko miwili ya nyongeza haikumtosha kuwapita watu wote wale. Ryan Blaney, ambaye hakuwa akigombea taji, akashinda mbio, Larson akamaliza wa tatu, Hamlin wa sita.

Wapo wanaomlaumu mkuu wa mafundi wa Hamlin. Mimi simlaumu. Anayeongoza ndiye anayeamua wa kwanza, na walio nyuma yake wanaweza kufanya kinyume chake. Matairi manne yalikuwa uamuzi wa akili, ila mizunguko ilikuwa michache mno kwa matairi hayo kuonyesha faida yake. Na Larson hakuiba kitu, hilo ni taji lake la pili baada ya lile la 2021. Lakini Hamlin alishinda mbio sita mwaka 2025, hakuna dereva aliyemfikia. Hadi mwisho wa 2025 alikuwa na ushindi 60 katika ligi kuu na hakuwa amewahi kuwa bingwa. Ukiniuliza dereva bora wa 2025, nakujibu Hamlin bila kusita.

Kwa hiyo mfumo ndio mbovu? (Msomaji, Nakuru)

Ulikuwa mbovu, ndiyo. Kuanzia 2014 hadi 2025 taji liliamuliwa kwa mchujo, na mwishoni kwa mbio moja ya siku moja. Mwaka 2024 dereva Joey Logano alitolewa kwenye mchujo pale Charlotte, kisha akarudishwa baada ya gari la Alex Bowman kukutwa na uzito pungufu na kufutiwa matokeo. Wiki iliyofuata akashinda Las Vegas, akaingia fainali, akachukua taji la tatu. Logano ni hodari wa siku kubwa na namheshimu kwa hilo. Ila wastani wake wa kumaliza mwaka mzima ulikuwa nafasi ya 17 hivi. Shabiki aliyekesha kuanzia Februari ana haki ya kuuliza miezi yote ile ilikuwa ya nini.

Kuanzia 2026 wameondoa mchujo. Madereva 16 wenye pointi nyingi wanaingia kwenye mbio 10 za mwisho, pointi zinapangwa upya, na mwenye nyingi mwisho wa hizo 10 ndiye bingwa. Ushindi wa mbio sasa una pointi 55 badala ya 40, kwa hiyo kushinda bado kuna faida kubwa. Ningependa zaidi pointi zihesabiwe mbio zote 36 kama zamani. Hata hivyo nimefurahi, na nimefurahi sana.

Sisi tumezoea Safari Rally. Hawa wanazunguka tu, ujuzi uko wapi? (Msomaji, Naivasha)

Ndugu yangu, wewe una vumbi na matope ya Naivasha, na dereva wako anashindana na saa, gari lingine halimgusi. Huku magari kama 40 yapo pamoja. Kiwanja cha Daytona, Florida, kona zake zimeinama nyuzi 31, mwendo ni karibu kilomita 300 kwa saa, na gari la nyuma linakaribia kugusa la mbele ili lisukumane nalo kwenye upepo. Dereva haoni vizuri nyuma wala pembeni, anamsikiliza mtu aliyekaa juu ya jukwaa anayemwambia kwa redio nani yuko wapi. Akikosea kidogo anawaangusha kumi. Februari 2025 Byron alikuwa wa tisa mzunguko wa mwisho wa Daytona 500. Wa mbele wakagongana, yeye akapenya na kushinda kwa mwaka wa pili mfululizo. Kuna bahati pale, sikatai, lakini kupenya katikati ya magari yanayogongana kunataka mkono.

Bubba Wallace alishinda nini hasa 2025? (Msomaji, Minneapolis)

Brickyard 400, Indianapolis, Julai. Mvua ilisimamisha mbio zikiwa zimebaki mizunguko michache na yeye anaongoza, kisha mbio zikaanzishwa tena mara mbili Larson akiwa ubavuni pake. Hakuyumba. Ni dereva Mweusi wa kwanza kushinda mbio kubwa kwenye kiwanja kile cha mviringo. Kabla yake, Mweusi pekee aliyewahi kushinda ligi kuu ni Wendell Scott, Desemba 1963, Jacksonville. Siku ile walimtangaza mwingine, wakakiri saa kadhaa baadaye kwamba Scott ndiye mshindi, watazamaji wameshaondoka. Familia yake ilikabidhiwa kombe mwaka 2021, yeye alishafariki tangu 1990. Kwa hiyo Wallace anaposhinda, mimi nashangilia mara mbili.

Shane van Gisbergen ni nani? (Msomaji, Moshi)

Ni wa New Zealand, bingwa mara tatu wa Supercars, ligi ya mbio za magari ya Australia. Alishinda NASCAR kwenye mbio yake ya kwanza kabisa, Chicago 2023. Mwaka 2025 ameshinda tano, zikiwemo za Mexico City, zote kwenye njia zenye kona za kushoto na kulia. Huko mwaka ule hakuwa na mpinzani.

Huku Tanzania zinaanza saa ngapi? (Msomaji, Dodoma)

Nyingi ni Jumapili usiku. Daytona 500 huanza kama saa nne na nusu usiku wetu, na hudumu saa tatu au zaidi kama hakuna mvua. Jumatatu omba zamu ya mchana.