Miwani ya mumeo haitakufaa, dada

Dada wa Ngamiani, Tanga, umeuliza kama miwani ya mumeo itakusaidia kuona vya karibu. Ikiwa ukisimama ufukweni Raskazone unaiona vizuri meli iliyotia nanga mbali lakini tundu la sindano linakushinda, basi kwa umri wako wa miaka 46 sababu ya kawaida ni lenzi ya ndani ya jicho kukakamaa, hata isiweze tena kujibinua ili mwanga wa kitu cha karibu ukutane juu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Unahitaji lenzi za kujumlisha (zenye alama ya +), nene katikati, ambazo kwa umri huo nguvu yake huwa takribani +1.00 hadi +1.50. Miwani ya mumeo ya -2.00, nyembamba katikati, hutawanya mwanga kwa ajili ya asiyeona mbali. Wewe itakuzidishia tabu. Pimwa kwanza, kwani macho mawili ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani.