Setilaiti ya TV haizimiki usiku

Watu huuliza kama setilaiti ya TV hukosa umeme jua likizama. Hapana, haikosi. Usiku wetu si usiku wake: iko juu kama kilomita 36,000 usawa wa ikweta, na siku nyingi za mwaka kivuli cha Dunia kinaikosa, hivyo paneli zake za sola zinapata jua hata sisi tukiwa tumelala. Paneli hugeuza mwanga (si joto, wengi huchanganya hapo) kuwa umeme. Mwingine unarusha matangazo, mwingine unachaji betri.

Kivulini huingia kweli, ila ni misimu miwili tu, ya wiki kadhaa kuzunguka Machi na Septemba, na kwa siku haizidi dakika 72 hivi. Hapo betri ndiyo inabeba mzigo. Wenye kazi ngumu zaidi ni wale wanaozunguka chini, karibu na Dunia, kama ISS (kituo cha anga cha kimataifa): mzunguko mmoja dakika 90 hivi, na giza linaweza kufika dakika 35 kila mzunguko.

Sasa, picha ikikatika mchana dakika chache msimu huohuo, si umeme. Nafunga madishi, naulizwa kila mwaka: jua limekaa nyuma ya setilaiti, na mawimbi yake yanafunika ya matangazo.