Faida Hii Inatoka Mfukoni mwa Nani?

Hasara nimezipata nyingi kwenye kripto, yaani sarafu za kidijitali, lakini kilichonikosesha usingizi ni faida. Nilinunua tokeni mpya, moja ya sarafu hizo, ingali rahisi, nikawatumia marafiki kiungo changu cha mwaliko, na kwa kila aliyeingia nikapata kamisheni. Bei ilipopanda nikauza zote. Wiki chache baadaye tokeni ile haikuwa na mnunuzi. Rafiki yangu mmoja hakunilaumu, aliniuliza tu, "Wewe ulitoka lini?" Nikababaika.

Tangu hapo, kabla sijaweka hata senti, najiuliza faida itatoka mfukoni mwa nani. Jibu likiwa "mwa watakaonunua baada yangu," basi hiyo ni kamari. Ukitaka kucheza, cheza, ila usimvute mwenzako.

Swali hili ni dogo lakini lina meno. Anchor, huduma ya kuweka na kukopa kwenye mtandao wa kripto wa Terra, ilikuwa ikiwapa waliohifadhi sarafu ya UST riba ya karibu asilimia 20 kwa mwaka. Malipo ya wakopaji hayakutosha kuibeba riba hiyo, pengo likawa linazibwa na akiba ya mradi. Mei 2022 UST, iliyotakiwa kuwa sawa na dola moja, ikaanguka, na Luna, sarafu dada iliyotumika kuitegemeza, ikaporomoka hadi karibu sifuri kwa siku chache tu.

Mimi nilikuwa na hila nyingine ya kujituliza: sehemu ya kumi ya faida nitaitoa sadaka. Sam Bankman-Fried, mwanzilishi wa soko la kripto la FTX, naye alisifika kwa kusema anasaka utajiri ili augawe. Kumbe fedha za wateja wa FTX zilikuwa zikienda Alameda Research, kampuni yake nyingine. FTX ilifilisika Novemba 2022, naye Machi 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Niliposoma habari zake, ile sehemu yangu ya kumi ilinitia aibu.

Siku hizi nina daftari. Kabla ya kununua naandika sentensi moja: sarafu hii inamfanyia nani kazi gani? Sentensi ikizungumzia bei tu, naandika pembeni "kamari," na naweka kiasi ambacho kikipotea nitalala. Waraka wa 2008 wa Satoshi Nakamoto, mbunifu wa Bitcoin, ulieleza namna watu wawili wanavyoweza kulipana bila taasisi ya fedha katikati. Mimi nilikaa na Bitcoin miaka miwili bila kumlipa mtu yeyote! Nilipomlipa fundi wa tovuti aliye nchi nyingine ndipo sentensi yangu ilipopata maana.

Kamisheni ile nilimpelekea rafiki yangu. Haikufika hata robo ya alichopoteza. Aliipokea, akauliza kama bado nanunua. Nikamwambia nanunua, ila viungo sitoi tena.