Kiswahili Chako Hakitakulipia Ada: Niliyoyaona Nikiomba FLAS

Nilipompigia mama simu kumwambia nimepata ufadhili wa kusoma Kiarabu Marekani, alicheka mpaka nikasikia watu wa pembeni wakimuuliza kuna nini. "Kiarabu si umekiacha hapa Tanga, chuoni kwa maalim? Ungesema tu, tungekusomesha bure."

Ufadhili wenyewe unaitwa FLAS, na kirefu chake ni Foreign Language and Area Studies. Ni pesa ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi wanaojifunza lugha za kigeni pamoja na historia, siasa au utamaduni wa mahali zinakozungumzwa. Asili yake ni woga. Warusi walirusha Sputnik mwaka 1957, na mwaka uliofuata Wamarekani wakapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa. Ndani yake mlikuwa na fungu la lugha, kwa sababu waligundua hawana watu wa kutosha wanaowaelewa wengine. Kiswahili kilinufaika sana na woga ule. Ukikuta Mmarekani amebobea katika Kiswahili, muulize nani alimlipia ada, mara nyingi atakutajia FLAS.

Sasa jambo ambalo wengi wetu hatulijui: si lazima uwe raia. Mwenye grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa. Mimi niliipata kwa bahati nasibu ya viza, nikafanya kazi ghalani miaka mitatu, nikaingia uzamili wa masomo ya Afrika nikidhani pesa hizi ni za wenyewe. Mwanafunzi mwenzangu ndiye aliyeniambia, tena kwa mshangao: "Kwani wewe hukuomba?"

Nikaomba. Nikaomba kwa Kiswahili.

Usicheke. Nilijipa hoja nzuri kabisa: nitasoma Kiswahili cha kitaaluma, ushairi wa kale, isimu. Nikajiona nimewaweza. Jibu lililokuja lilikuwa na mistari miwili: ufadhili hautolewi kwa lugha mama ya mwombaji. Mwaka ukapita hivyohivyo, na kosa lilikuwa langu, maana sharti lile lilikuwa limeandikwa.

Kwa hiyo la kwanza nikuambie hili. Pesa hii inafuata lugha usiyoijua. Kiswahili chako hakikupi ufadhili, ila kinakupa hoja ya kuomba lugha nyingine, na hapo ndipo sisi tuna mtaji ambao mtoto wa Ohio hana. Ukijua Kiswahili, una sababu ya wazi ya kutaka Kireno ukafanye utafiti Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, au Kisomali kwa ajili ya pwani ya kaskazini, au Kiarabu kama mimi, maana Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Ila uwe nayo kweli sababu hiyo. Wanaosoma maombi wananusa mtu aliyechagua lugha kwa kuwa ina waombaji wachache.

Mtihani wa kunipangia darasa la Kiarabu ulinipa aibu ambayo ilikuja kunisaidia. Mwalimu, mama mtu mzima, alinipa ukurasa wenye irabu zote, fataha na kasra zake mahali pake. Nikautiririsha kama nilivyofundishwa, kwa sauti, na madda nikazivuta. Akaniuliza unasema nini. Kimya. Akanipa gazeti la siku ile. Gazeti halina irabu. Nikakwama kwenye neno la pili, nikawa kama mtu aliyenyang'anywa fimbo katikati ya mto. Akaniandika darasa la mwanzo.

Na ndicho nilichokiandika kwenye barua ya kujieleza mara ya pili, jinsi kilivyotokea. Barua yangu ya mwaka wa kwanza, nikiitafsiri, ilianza hivi: "Kwa heshima kubwa naomba mnifikirie, kwani nimetoka familia ya hali ya chini na siku zote nimekuwa na kiu ya elimu." Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuomba, tunamnyenyekea mwenye kutoa. Profesa wangu aliisoma akaniambia, "Kijana, hii ni barua ya kuomba kuonewa huruma. Hapa hujasema utafanya nini Jumatatu asubuhi."

Ya pili ilianza hivi: "Natamka Kiarabu bila kukielewa. Nyaraka za karne ya 19 ninazozihitaji kwa sura ya pili ya tasnifu yangu ziko Kilimani, Zanzibar, kwenye Hifadhi ya Nyaraka. Baada ya mwaka mmoja nataka niweze kusoma hati ya mauziano ya shamba la mikarafuu nikiwa na kamusi." Haikuwa na heshima kubwa wala kiu. Nilisema kitu, mahali, muda na kiwango. Ukiweza kuvitaja hivyo vinne kwenye aya ya kwanza, umeshapita wengi.

Hali ya kipato nayo inahesabika, lakini haihesabiwi kwenye barua. Inahesabiwa kwenye FAFSA, fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa fedha za masomo, na wahamiaji wengi hatuijazi kwa kudhani ni ya mikopo tu. Ijaze. Mwanafunzi wa uzamili huhesabiwa kuwa anajitegemea, hivyo hawatauliza kipato cha shemeji aliyekupa chumba.

Barua za wadhamini: moja itoke kwa mtu aliyekufundisha lugha darasani, hata kama si lugha unayoiomba. Maalim wangu wa Tanga angeniandikia vizuri sana, sina shaka, lakini haingesaidia.

Kuhusu kiasi, katika awamu iliyoanza 2022 mwanafunzi wa uzamili alipata posho ya dola 20,000 kwa mwaka wa masomo, na ada hadi dola 18,000. Aliyesoma kozi ya kiangazi alipata posho ya dola 3,500 na ada hadi 5,000, kwa kozi isiyopungua wiki sita, na saa 140 za darasani kama bado uko ngazi za chini. Usizile zote. Posho hii si mshahara, hakuna anayekukata kodi kila mwezi, na kodi unadaiwa. Mimi niliijua Aprili, nikiwa na dola 212 benki. Niliilipa kwa awamu, nikirudi ghalani mwisho wa wiki.

Habari mbaya nisikufiche. Mwaka 2025 ruzuku za FLAS ambazo serikali ilikuwa ikivipa vyuo zilikatishwa, na vyuo vingi vikatangaza havitatoa FLAS mwaka wa masomo 2025/26. Kwa hiyo kabla hujaandika hata sentensi moja, uliza. FLAS haiombwi wizarani, inaombwa kwenye kituo cha chuo husika, kile cha masomo ya Afrika au cha Mashariki ya Kati, na baadhi ya vituo vina vifungu vyao vidogo ambavyo havitangazwi sana. Kama umeshapata uraia, tazama pia Boren, ufadhili mwingine wa serikali ya Marekani wa kusoma lugha, ila ujue ina deni la kuitumikia serikali mwaka mmoja baada ya masomo.

Na wewe uliye Morogoro au Eldoret huna grinikadi, usipoteze muda na FLAS. Mlango wako ni FLTA, mpango wa walimu wa lugha ulio chini ya Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani: unakwenda Marekani mwaka mmoja wa masomo kufundisha Kiswahili, na wewe unasoma kozi mbili kila muhula. Hupati shahada, na baada yake unarudi nyumbani. Au omba uzamili kwenye chuo kinachofundisha Kiswahili, kisha uliza kama wanahitaji mwalimu msaidizi, maana vyuo vingi humsamehe ada anayefundisha. Huko ndiko Kiswahili chako kinakolipa.

Barua pepe ya kuuliza iwe fupi. Mimi niliandika mistari mitatu: nani mimi na hadhi yangu ya ukaazi, lugha gani na kwa utafiti gani, na je, mwaka huu mnapokea maombi. Iandike Oktoba. Tarehe za mwisho nyingi huangukia Januari na Februari, na maprofesa mwezi Desemba hawapatikani hata kwa tochi.