Hesabu Yangu Ilivyoharibiwa na Pilau

Juzi mwanafunzi wa uuguzi aliniandikia: "Sista, daktari akipiga soga operesheni ikiendelea, mimi mdogo nimnyamazisheje?" Nilicheka, halafu kicheko kikakatika. Swali hilo liliniliza mwaka wangu wa pili thieta.

Ilikuwa operesheni ya tumbo, katika hospitali moja hapa Mombasa nisiyoitaja. Tumbo linakaribia kufungwa, nahesabu swabu, vile vitambaa vya kufyonza damu, kisibaki hata kimoja ndani. Daktari anasimulia harusi ya Likoni: pilau ilivyopunguka, wageni walivyokwama feri. Nimefika 17, akanigeukia: "Na kwenu, sista, mwapikaje?" Nikamjibu kwa adabu, nikaendelea na 19. Hesabu ikatimia 20, safi kabisa! Mwenzangu hakuridhika, akataka turudie. 19. Tukapekua ndoo, tukapekua sakafu, mgonjwa yu usingizini, tumbo wazi. Eksirei ndiyo iliyotuonyesha: swabu za thieta zina uzi unaoonekana kwenye picha, na uzi ule ulikuwa nyuma ya utumbo. Nikaandikiwa barua ya onyo. Msimulizi wa pilau hakuulizwa hata neno. Bado naumia, sitaki kudanganya.

Sisemi watu wawe mabubu. Operesheni ya muda wa saa tano bila neno huleta usingizi, na taarabu ya chinichini mimi naipenda. Lakini marubani wa Marekani tangu 1981 wamekatazwa porojo ndege ikiwa chini ya futi 10,000, maana kupaa na kutua ndiko kwenye hatari. Nasi tuna kupaa na kutua kwetu: kumlaza mgonjwa, kuhesabu, kumwamsha. Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ya 2008 inataka timu isimamishe kazi mara tatu, ihakiki pamoja. Ifakara, hapo Tanzania, ilikuwa kati ya hospitali 8 zilizoijaribu, na vifo kwa jumla vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Wewe wasimama kuhakiki, au watia alama tu huku wasoma WhatsApp? Simu iache nje, mwanangu. Nje!

Na daktari usimwambie "nyamaza". Inua mkono, sema kwa sauti, "Nahesabu." Ukikatizwa, anza tena na moja, hata wakikunja uso. Wakunje.

Wiki iliyopita nilimwinulia mkono daktari yuleyule. Akanyamaza. Hadithi aliimalizia chumba cha kubadilishia nguo, na ilikuwa ya harusi tena.