Rangi inakauka kabla ya kutumika

SWALI: Nitachora mbele ya watazamaji kwenye maonyesho kwa saa 2. Rangi ya akriliki hunikaukia kwenye kibao cha kuchanganyia rangi. Nifanyeje?

JIBU: Akriliki hukauka maji yake yanapopotea hewani, feni na taa kali huharakisha. Kamua kidogo kidogo juu ya karatasi ya kuokea iliyotandazwa kwenye sponji yenye maji, ndani ya boksi bapa lenye kifuniko. Nyunyizia maji kila dakika 10 hivi, ila ukizidisha rangi itachuruzika. Brashi usiziache nje ya maji: rangi ikigandia kwenye nywele zake, maji hayaitoi tena. Mchoro wa penseli na tabaka la kwanza la rangi vimalize nyumbani, maana kanvasi tupu haimsimamishi mpita njia. Picha iwekwe kimshazari ili mkono wako uonekane.